Thurgood Marshall hakuanza na shule za watoto

Wengi wanamkumbuka wakili huyu Mweusi wa Marekani kwa hukumu ya Brown ya 1954, iliyopiga marufuku kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi, ila msingi aliujenga vyuoni. Sheria iliruhusu utengano mradi huduma ziwe sawa, hivyo jimbo lingeweza kuwajengea Weusi shule ya msingi likadai ni sawa na ya Wazungu. Chuo cha sheria huwezi kukizua kirahisi. Kwenye kesi ya Sweatt, Mweusi aliyekataliwa na chuo cha sheria cha Wazungu huko Texas, iliyoamuliwa 1950, hesabu zilisema zenyewe: chuo cha Wazungu vitabu 65,000, walimu wa kudumu 16, kile cha Weusi, kilichofunguliwa haraka haraka kesi ikiendelea, vitabu 16,500, walimu 5. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaamua Sweatt apokelewe. Subira ile naiheshimu mno!

Na Wakenya tusisahau: 1960 alikuwa Lancaster House, London, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya, akiwashauri wajumbe wetu Waafrika. Rasimu yake ya sura ya haki za raia ililinda hata mali za Wazungu na Waasia waliokuwa wachache.