Nilisema asante

Ndilo linaloniuma tangu Jumanne: nilisema asante.

Mzee, baba yangu, ametoka hospitali, nyonga imeungwa kwa vyuma, analala kwenye chumba cha mwanangu Baraka, na Baraka kahamia chumbani kwetu. Kazini nako wamepunguza watu 6, mimi nimerithi meza 2. Hayo yatangoja. Leo naandika habari ya simu ya kaka yangu, yule wa Nakuru.

Nilimpigia usiku, nimesimama roshani, honi za matatu zikilia huko chini. Nikamweleza kwamba fizio, yule wa mazoezi ya nyonga, anachukua shilingi 2,000 kila akija, na anakuja mara 3 kwa wiki. Sikuomba zote. Nilisema nusu, au basi amchukue Mzee mwezi ujao. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Lakini wewe dada yangu ni Superwoman, bwana. Sisi wengine ni binadamu tu."

Nikasema, "Asante."

Asante ya nini, jamani? Nimeirudia nikikoroga uji, nimeirudia kwenye foleni ya matatu. Hiyo "tu" ndiyo yenye sumu. Yeye ni binadamu tu, kwa hiyo mfuko wake una mwisho. Ni binadamu tu, kwa hiyo mgongo wake huuma. Wangu je? Majibu matamu yote yamenijia, ila simu imeshakatika siku mbili zilizopita. Baadaye alinitumia kile kikatuni cha mkono uliotunisha msuli. Mpesa haikulia.

Nimegundua kitu. Hapa kwetu ukiitwa shujaa, mara nyingi umeshazikwa, au ni tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, na kuna hotuba. Superwoman huitwa aliye hai, ambaye bado kuna mahali wanataka kumtuma.

Superman mwenyewe sina ugomvi naye. Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimtoa kwenye kitabu cha katuni mwaka 1938, na walimhurumia: walimpa miwani na kazi ya gazeti. Jioni anavua joho, anakuwa mtu asiyetazamwa mara mbili. Mimi langu nimeshonewa mwilini.

Jana sasa. Baraka alikuwa amevaa ile fulana ya mitumba ya Gikomba yenye S ya Superman kifuani, rangi imepauka hadi S inafanana na 8. Mzee akauliza huyo ni nani. Baraka akaeleza yote, kuruka, risasi kudunda, mpaka lile jiwe, kryptonite, lililotoka kwenye sayari ya kwao na ndilo linalomlegeza.

"Jiwe la kwao?" Mzee akacheka mpaka akashika nyonga. "Magere wetu yeye mwili wote ulikuwa jiwe."

Akamsimulia Lwanda Magere wa Kano, yule shujaa wa hadithi za Waluo, jinsi mikuki ilivyokuwa ikimgonga na kuanguka, mpaka maadui wakampa binti yao amuoe. Siku alipougua, akamwambia mke amchanje, lakini asichanje mwili, achanje kivuli. Damu ikatoka kivulini. Mke akatoroka usiku akapeleka habari, na vita vilipokuja mkuki ukachoma kivuli. Magere akageuka jiwe. Liko huko hadi leo, na Mzee anadai ujanani alinoa panga lake hapo.

Baraka alikasirika kabisa. "Sasa kwa nini alimwambia?"

"Alikuwa mgonjwa. Usiposema panapouma, utatibiwa wapi?"

Kisha, bila kunitazama, akichezea pindo la shuka: "Jana usiku nilikusikia pale roshani. Mguu huu unakula pesa ngapi?"

Nilitaka kusema ni kidogo, Baba, usijali. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikataja yote: fizio, dawa, teksi ya kliniki, hadi ile mito miwili. Hakusema kitu. Aliomba chai yenye sukari, ambayo daktari amekataza, nikamtilia kijiko 1 tukanywa kimyakimya, Baraka akipima kivuli chake ukutani kwa rula ya shule.

Mita ya stima imeanza kulia ninapoandika. Imebaki uniti 1 na nukta, na nyama ya wiki nzima iko kwenye friji.