Ua wa Minyaa: Kutoka Bugando hadi Magu

Tulitoka Bugando saa nne asubuhi, mimi na Guku. Shuleni ana jina jingine. Guku, yaani babu kwa Kisukuma, ndivyo bibi yake anavyomwita kwa kuwa amerithi jina la marehemu mumewe. Ana miaka minane. Daktari alikuwa amempapasa taya, akambonyeza shingoni na tumboni, akasoma majibu ya damu, kisha akatamka maneno niliyoyangoja mwaka mzima: mrudisheni nyumbani, mje tena baada ya miezi mitatu.

Guku alitaka tushuke kilima kwa miguu, nami siku hiyo nisingemnyima kitu. Kutoka pale juu unaiona Mwanza yote, mabati yaliyobanana na majabali hadi ziwani. Begini nilikuwa na dawa zake, kilo mbili za sukari na kitenge cha shangazi yangu, huyo bibi yake Guku. Moyoni nilibeba neno moja la kumfikishia huyo shangazi, na ndilo hasa lililonipandisha gari siku ile badala ya kungoja Jumamosi.

Mwaka jana Guku alianza kulia jino. Shangazi akafanya alichofanyiwa na mama yake: akavunja kijiti cha mnyaa kwenye ua wa kaya, akachovya pamba kwenye ule utomvu mweupe, akaugusisha jinoni kwa uangalifu usidondokee ulimi. Siku ya tatu meno mawili yakalegea. Haikupita wiki mbili, taya la kushoto lilikuwa limevimba hata jicho likaanza kuzibwa. Majirani hawakuchelewa kumpata mkosaji. Wapo waliosema utomvu umemla mtoto kinywa. Wapo waliosema kaya ilizindikwa zamani kwa minyaa hiyohiyo, na sasa zindiko limegeuka kwa kuwa kuna mtu kalichezea. Tulipoteza siku tisa kwa mganga mmoja aliyeshika habari hii ya pili. Bugando wakakata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipima, wakatupa jina: limfoma ya Burkitt, aina ya saratani.

Tangu siku hiyo shangazi hakukanyaga hospitali. Alituma kuku, alituma michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli zetu, ila mwenyewe hakuja. Kwenye simu alikuwa akisema, "Mkono wangu huu, mayu, ndio uliomponza."

Buzuruga tulipata haisi ya Magu, tukakaa nyuma ya dereva. Mpaka Igoma ni maduka na gereji. Ukishafika Kisesa macho yanaanza kupata nafasi, na hapo ndipo minyaa inapoanza. Aliyekulia Usukumani haioni tena, kama asivyoiona milango ya kwao. Mimi siku ile niliitazama boma kwa boma. Ni mti usioonekana kuwa na majani: vijani vyake ni vidogo mno na hudondoka mapema, ukabaki na vijiti vya kijani, vya mviringo, vyembamba kama penseli, vimefungamana mpaka kuku hapenyi. Ukichomeka kitawi ardhini kinashika bila kumwagiliwa. Ng'ombe na mbuzi hawaugusi. Ndiyo maana ukawa ua wa maboma, mpaka wa mashamba, na kivuli cha makaburi. Wamaasai wanauita emanyara, na ndilo lililozaa jina la Ziwa Manyara na mkoa wake.

Tulishuka Kisesa tukachukua bodaboda hadi Bujora, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Guku akiwa kwenye dripu kwamba akipona ataziona ngoma za watemi. Makumbusho yale yaliasisiwa na Padri David Clement, Mkanada, katika miaka ya 1950. Guku aliduwaa mbele ya ngoma. Mimi nilisimama muda mrefu kwenye nyumba ya mganga, nikikumbuka hadithi za Ngika na Gumha, waanzilishi wa Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, ambao mashindano yao ya ngoma hayakuwa ya miguu tu bali pia ya dawa za kuvuta watazamaji. Usukumani mti haujawahi kuwa mti tu. Ni dawa au ni sumu, kutegemea mkono ulioushika. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza shangazi kuliko vyote: kwamba mkono wenyewe ulikuwa wake, na ulikuwa na upendo.

Kwa miezi ile ya wodini, usiku Guku akilala, nilikuwa nikisoma kwenye simu. Nilitaka kuujua mti huu kama mtu anavyotaka kumjua aliyetuhumiwa kumdhuru mwanawe. Nikakuta ukoo wake umepewa jina la tabibu. Miaka elfu mbili hivi iliyopita mfalme Juba wa Pili wa Mauretania, huko Afrika Kaskazini, aliupata mmea wa jamii hii kwenye milima ya Atlas, mmea ambao utomvu wake mkali ulitumiwa kuharisha, akauita kwa jina la daktari wake Mgiriki, Euphorbus. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, akaupa mnyaa jina la Euphorbia tirucalli, neno la pili akilichukua kwa watu wa Malabar, India, waliokuwa wakiuita hivyo. Kwa hiyo sayansi nayo, kabla haijauita sumu, ilianza kwa kuuita jina la mganga.

Na kazi zake ni nyingi kuliko nilivyodhani. Chunjua huchomwa kwa utomvu wake, hilo nimeliona mwenyewe kidoleni pa kaka yangu. Sehemu nyingi za Afrika umetumiwa kwa jino, kwa kuumwa na nyoka, kwa kutapisha, na wapo waliokufa kwa kuunywa, matumbo yakiwa yamechubuka ndani. Ukipondwa na kutiwa kwenye maji yaliyotulia, samaki hulewa na kuelea. Brazil wanauita avelós, na wapo wanaounywa kwa matone eti kutibu saratani. Niliposoma hapo nilizima simu nikatoka nje kupunga upepo. Saratani, kule wanaunywa kuiponya. Kwetu tunauogopa kwamba unaileta.

Maana hofu ile ya majirani haikutoka hewani kabisa, na hili lilinisumbua wiki nyingi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika ugonjwa huu wa mataya ya watoto mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri wiki kumi na kama kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, hospitali kwa hospitali, wakionyesha picha na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Wakagundua kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na haupandi nyanda za juu zenye baridi. Unakaa panapokaa malaria. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Karibu kila mtoto wa kanda yetu hukipata akiwa mdogo sana na hakimfanyi kitu, mpaka malaria ya mara kwa mara inapochosha kinga yake. Baadaye, kuanzia miaka ya 1980, watafiti wakaonyesha maabara kwamba utomvu wa mnyaa unaweza kukiamsha kirusi hicho kilicholala, na wengine wakaona miti hii imesimama kwa wingi kwenye maboma ya watoto wagonjwa. Lakini boma lipi la ukanda huu halina mnyaa? Mti huenda ukawa msaidizi wa ugonjwa. Wanaoshikiwa ushahidi mzito ni kirusi na mbu.

Nilimwuliza daktari waziwazi habari ya pamba na jino. Akanijibu kwa utulivu kwamba uvimbe huu ni miongoni mwa unaokua kasi kuliko wote kwa binadamu, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kwamba meno kulegea ni dalili yake ya kawaida. Jino halikuuma kisha ugonjwa ukaja. Jino liliuma kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshaingia tayani.

Hilo ndilo neno nililokuwa nalipeleka.

Magu tulifika saa tisa, bodaboda ikatutoa barabarani kuelekea ziwani. Kabla sijaona nyumba nilisikia panga. Shangazi alikuwa amempa kazi kijana wa jirani aukate ua wote. Upande wa mashariki ulikuwa umelala chini, utomvu ukitiririka kwenye visiki kama maziwa yaliyomwagika. Sikuwahi hata kusalimia: kijana alipiga ukelele, akatupa panga, akashika jicho.

Mama mmoja akaomba aletwe mwenye mtoto mchanga, amkamulie maziwa ya titi jichoni. Nikakataa, nikashika ndoo. Tulimlaza ubavu, Guku akimimina maji safi kwa kikombe polepole, mimi nikilifungua jicho kwa vidole nilivyokwisha kunawa, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, kama dakika ishirini bila kukoma, kisha tukampakia kwenye bodaboda ileile kwenda kituo cha afya. Usiku alirudi amefunikwa jicho kwa bandeji. Walimwambia halijaharibika, arudi kesho wamtazame.

Wakati wote huo shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Bodaboda ilipoondoka nikamsogelea.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila, mayu. Umeona? Hata leo unauma watu."

Tulikaa chini ya mwembe. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, la jino na la taya, kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Sikumficha kwamba utomvu una shaka yake, na kwamba hautakiwi kinywani wala jichoni mwa mtoto yeyote, hata ungekuwa dawa ya bibi zetu wote. Alinisikiliza bila kuniangalia, akichora chini kwa kijiti. Nilipomaliza akanifanya nirudie toka mwanzo. Nikarudia.

"Kwa hiyo lilikuwa limeshaingia," akasema.

"Lilikuwa limeshaingia, shangazi."

Akamwita Guku. Akamsimamisha kati ya magoti yake, akamwambia afungue kinywa, akatazama lile pengo la kushoto, akapitisha kidole kwenye ufizi, polepole, kidole kilekile. Kisha akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Jioni tulikula ugali wa muhogo kwa sato, upepo wa ziwa ukiingia moja kwa moja kutoka upande uliokatwa. Hapo watapanda michongoma, kwa kuwa ndipo watoto wanapocheza. Upande wa magharibi, lilipo kaburi la babu, alisema ubaki kama ulivyo. Aliupanda marehemu mwenyewe.

Nilipokuwa nakunja mkeka akaniuliza miezi mitatu inaangukia lini. Tukahesabu pamoja kwa vidole. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza nauli ya kwenda Buzuruga siku hizi ni shilingi ngapi.