Kebo ya usukani leo imetutoa jasho

Jamani leo sitaisahau.

Wiki nzima usukani wa boti ulikuwa mgumu, nikawa nausukuma tu kwa nguvu nikijua ni kawaida, kumbe kebo, ule waya unaounganisha usukani na injini, ishaanza kuliwa na kutu huko ndani. Asubuhi tunatoka Igombe, huku Mwanza, nataka kukata kulia, hola! Umegoma kabisa na upepo wa ziwa ndo unaanza kuamka.

Nikazima injini, tukarudi kwa kasia mimi na mdogo wangu. Moyo ulikuwa unanidunda.

Kufungua kule mbele kwenye usukani haikuwa kazi. Shida ilikuwa nyuma, ile fimbo ya chuma ya mwisho wa kebo inayopita ndani ya bomba la injini, pale injini inapoinukia, grisi imekauka imekuwa kama saruji. Tumemwagia oili, tumegonga taratibu na kipande cha mbao ili bomba lisiharibike, tumegonga weee mpaka jua limefika utosini. Ilivyochomoka nikakaa mchangani, mikono inatetemeka, siwezi hata kushika spana.

Kununua kebo mpya usikadirie kwa macho, soma namba kwenye ile ya zamani, urefu wake ni wa futi, ikiwa fupi haifiki, ikizidi inajikunja vibaya.

Tukasafisha bomba, grisi mpya, nati mpya.

Jioni hii nimezungusha usukani kwa kidole kimoja. Kidole kimoja!

Wenzangu wa Kirumba, Kayenze na Ukerewe, nyie mnapaka grisi kila baada ya muda gani? Na ilishawahi kuwagomea katikati ya maji?