Ratiba: Hesabu inayowasumbua wengi kwenye usimamizi wa uhandisi

Wapo wanaodhani digrii ya usimamizi wa uhandisi ni njia ya kukwepa hesabu; sivyo. Kalkulasi na takwimu zipo palepale, kisha zinafuata gharama, ubora na ratiba. Ratiba ndiyo inayowaangusha wengi.

Chukua nyumba ndogo. Kuchimba msingi siku 3, kumwaga zege 2, kulimwagilia maji likomae 7, kupandisha kuta 10, kila kazi ikisubiri iliyotangulia. Madirisha yanatengenezwa karakana siku 19, sambamba na hayo yote. Anayejumlisha kila kitu anapata 41, na amekosea. Jibu ni 22, kwa sababu unafuata mnyororo wa kazi zinazosubiriana ulio mrefu kuliko yote: 3 + 2 + 7 + 10. Madirisha yana siku 3 za kupumua: oda ikichelewa siku 2 hakuna neno, ikichelewa 5 kazi nzima inasogea siku 2.

Kosa la pili linakula hela: kuongeza vibarua ili kazi iishe haraka. Vibarua wa ziada hawakomazi zege. Kwenye kuta wanasaidia, lakini ukizishusha kutoka siku 10 hadi 6, mnyororo ule unakuwa 18 na madirisha ya siku 19 yanashika usukani. Umelipia siku 4, umeokoa 3. Swali la mtihani huwa limejificha hapo.