Sarlat, mji uliojengwa kwa kufuata paa

Mita moja ya mraba ya paa la mawe huko Sarlat ina uzito wa kilo 500 hadi 800. Paa la mita mraba 100 basi halipungui tani 50. Fundi wa Lamu akisikia hesabu hiyo atauliza kwanza: mzigo wote huo unabebwa na nini? Nami naona hapo ndipo pa kuanzia, maana mji huu mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, wenye watu elfu tisa hivi, umepata sura yake kutokana na paa, kama nyumba zetu za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, zilivyopata sura yake kutokana na boriti.

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Boriti ya mkoko huweza kubeba dari la mawe na chokaa kwa urefu wa mita 2.5 hadi 2.8 hivi. Ndiyo maana msana na ndani, vyumba vya nyumba ya Lamu, ni virefu lakini vyembamba. Mwashi hakuchagua upana, boriti ilimchagulia.

Sarlat, kilichoamua ni jiwe bapa la chokaa ambalo wenyewe huliita lauze. Mawe hayo hutandazwa bila udongo na bila misumari, uzito wake ndio unaoyashika. Kwanza huchambuliwa chini kwa unene na ukubwa. Makubwa huwekwa ukingoni mwa paa, na kadiri fundi anavyopanda ndivyo yanavyopungua ukubwa hadi kileleni. Kila jiwe hufunika kiungo cha mawe mawili yaliyo chini yake na huinamishwa kidogo kuelekea nje, ili tone la mvua lisipate njia ya kurudi ndani. Jiwe likicheza, hutiwa kabari ya kigae cha jiwe.

Mtu angedhani mzigo kama huo unataka paa la kulala. La, mapaa ya Sarlat yamesimama, mteremko wake unapita nyuzi 45. Kwa mteremko huo uzito mwingi hushuka moja kwa moja kwenye kuta badala ya kulemea katikati ya mbao, na maji hayapati muda wa kutulia. Lakini hapo lazima kuta ziwe nene na mbao ziwe za mwaloni au za mti mwingine mgumu. Mbao zikioza pale zinapokaa juu ya ukuta, paa huanza kutanuka na kuusukuma ukuta nje. Ukiona tumbo limejitokeza juu ya ukuta, usipoteze siku kupaka rangi. Panda ukaangalie mbao.

Mji wenyewe ulianza kwa kuizunguka abasia ya watawa, na mwaka 1317 ukapewa askofu wake. Vita vya Miaka Mia, kati ya Ufaransa na Uingereza, viliuchosha. Kwa mkataba wa Brétigny wa 1360 ulijikuta hata chini ya mfalme wa Uingereza kwa muda. Vita vilipokwisha matajiri wake walijenga upya, na majumba mengi ya mawe ya rangi ya asali yanayoonekana leo ni ya karne ya 15 na ya 16. Nyumba ya familia ya La Boétie, iliyo mbele ya kanisa kuu, ni ya 1525. Humo alizaliwa Étienne de La Boétie mwaka 1530, aliyeandika juu ya watu wanaokubali wenyewe kutawaliwa na mtu mmoja, na akawa rafiki mkubwa wa mwandishi Montaigne.

Baadaye biashara iliupa mji kisogo. Njia kuu zikapita mbali, fedha ya kubomoa na kujenga upya haikuwapo, majumba yakabaki. Watu wa Lamu wanaielewa habari hii bila kufasiriwa: reli ilipoanzia Mombasa, shehena zikahamia huko, nasi tukabaki na mji wetu. Hata hivyo Sarlat haukupona wote. Katika karne ya 19 barabara iliyonyooka kama rula ilipasuliwa katikati ya mitaa ya kale, na kidonda chake kinaonekana hadi leo.

Uokozi ulikuja na sheria ya tarehe 4 Agosti 1962, ya waziri wa utamaduni André Malraux. Sheria ya 1913 ililinda jengo mojamoja: kanisa hili, ngome ile. Hii mpya ililinda mtaa mzima, pamoja na nyumba ya fundi viatu isiyo na jina. Sarlat ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kutumia sheria hiyo, na kazi ilianza 1964. Huchorwa ramani inayosema jengo lipi libaki na lipi laweza kuondolewa, kisha msanifu wa serikali hutoa idhini kabla ya mtu kugusa dirisha. Anayekarabati nyumba ya kupangisha hupunguziwa kodi. Hapo ndipo penye nguvu yake, maana katazo peke yake humfanya mwenye nyumba aiache idondoke.

Udhaifu wake nao usifichwe. Sheria hulinda ukuta, haimlindi mpangaji. Katika mtaa wa Marais, Paris, nyumba zilipopendeza kodi zilipanda na mafundi wadogo wakaondoka. Sarlat hufurika wageni Julai na Agosti. Nasi tunaoona nyumba za Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, zikibadilisha wenyewe tuna haki ya kuliuliza hilo mapema.

Adui wa mawe kule ni barafu. Maji huingia kwenye vitundu vya jiwe, yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, jiwe likapasuka. Kwetu kazi hiyohiyo hufanywa na chumvi: maji hukauka, chumvi huganda ndani ya tumbawe na kulisukuma hadi libanduke kama unga. Na kosa la ukarabati ni lilelile pande zote mbili, simiti. Simiti ni ngumu kuliko jiwe na huziba pumzi ya ukuta. Unyevu ukikosa kutokea kwenye lipu hutokea kwenye jiwe, au hubaki kwenye vichwa vya boriti na kuviozesha.

Kwa hiyo ufa wa darini, yaani juu ya paa letu bapa, ukitokea kabla ya masika, upanue kwa patasi hadi upate pazima, fagia vumbi, lowesha vizuri. Changanya sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa na sehemu tatu za mchanga usio na chumvi. Mchanga wa ufuoni huleta ugonjwa uleule unaotibu. Jaza kwa tabaka jembamba, sentimita moja hivi, uache likamate kabla ya jingine. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, kwani chokaa ikikaushwa na jua kwa haraka hupasuka upya. Halafu zibua mlizamu, bomba la kutolea maji ya mvua. Maji yakisimama darini, kazi yote hiyo itarudiwa mwakani.