Jiwe kwenye ndoo

Tabata, Jumapili usiku

Viatu bado viko barazani. Tope la Rungwe, kule Mbeya, limekauka likawa unga laini wa kijivu, na sijapata moyo wa kulisugua. Mwanangu naye hataki ndoo yake ya maji iguswe. Ndani yake kuna jiwe.

Tuliondoka stendi ya Mbezi alfajiri, likizo ya Juni, mimi na yeye tu. Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako. Kama kilomita 800 kwa basi, sina la kusimulia humo. Tuliposhuka Uyole, pembeni ya jiji la Mbeya, usiku meno yalikuwa yanagongana. Mwenyeji wetu, baba mzazi wa mfanyakazi mwenzangu, alikuwa anatusubiri na makoti mawili mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Vaeni kwanza, habari za safari tutaulizana nyumbani."

Siku ya pili tukapanda Mlima Ngozi. Unaiacha lami ya kwenda Tukuyu, unakatiza mashamba ya viazi, halafu msitu unakumeza. Kijana aliyetuongoza alitupa fimbo za mianzi, na bila hizo tusingefika: njia ni mizizi na utelezi, na sisi wa pwani mapafu yetu yamezoea usawa wa bahari. Kuna migomba pori, kuna miti imeota ndevu za kijani toka shinani hadi kwenye matawi. Nilikuwa naangalia miguu yangu tu. Ndiyo maana nilishtuka kijana aliposema, "Mama, simama hapo hapo." Ardhi ilikuwa imeisha. Mbele yetu ukungu mtupu.

Tukakaa chini tukasubiri, labda nusu saa. Ukungu ulipojifunua kidogo, ziwa likaonekana kule chini, maji ya kijani iliyokolea, kuta za msitu zimelizunguka pande zote. Lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, kina chake kinapita mita 70, na hakuna mto unaotoka. Wenyeji wanasema lina umbo la ramani ya Afrika. Mwanangu aliiona ramani hiyo mara moja, akanionyesha kwa kidole mpaka na mimi nikaiona.

Kisha akauliza, "Mama, mlima wenyewe uko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulikuwa tumekalia ukingo tu. Volkano ililipuka, ikatapika kilichokuwa tumboni, kilele kikakosa cha kukishikilia kikadidimia, na shimo likajaa maji. Nilikuwa natafuta namna ya kumwelezea hayo, kijana akaniwahi: "Mlima uko kule mashambani. Tunaulima."

Wakati wa kurudi alitusimamisha palipochongwa barabara. Juu udongo mweusi, chini yake mkanda wa vijiwe vyeupe-kijivu, chini tena udongo. Akachokoa kijiwe kimoja akampa mwanangu, naye akapiga kelele: "Ni kama lile la bibi la kusugulia miguu!" Kweli. Hilo jiwe nimelitumia tangu utotoni bila kujiuliza lilikotoka. Ni povu la lava lililopoa likiwa bado limejaa gesi, ndiyo maana lina vitundu kama andazi na linaelea majini. Mlima Rungwe uliyamwaga ya namna hiyo kwa wingi yapata miaka 4,000 iliyopita. Matawi ya Bonde la Ufa yanakutana pale, la Rukwa, la Nyasa na la Usangu, na ardhi imepasuka vya kutosha kuupa moto njia.

Jioni, tukila mbalaga, yaani ndizi za kupika, kwa nyama, baba alituambia habari za Kyejo, jirani yake Rungwe, uliotiririsha lava karibu na mwaka 1800. Mpaka leo hewa ya ukaa inapanda yenyewe kutoka ardhini kule, na watu wanaivuna na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Nikabaki nimeshika kikombe. Soda ninayokunywa Kariakoo saa saba mchana, huenda mapovu yake yametoka chini ya mlima huu.

Daraja la Mungu tulilipitia haraka kwa sababu ya mvua. Lava ilipoa juu ya Mto Kiwira, maji yakapita chini, na mpaka sasa watu wanavuka juu yake. Kipunji hatukumwona. Ni nyani wa msitu wa Mlima Rungwe, mwenye nywele zilizosimama kichwani, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ilhali wawindaji wa vijiji vile walikuwa wanamwita kwa jina lake siku zote. Ningelipa nauli ile ile tena nimsikie tu akilia.

Nina miaka arobaini na mbili. Nimeshaenda Bagamoyo, Mikumi na Unguja. Kusini mwa Mbeya sikuwahi kupafikiria, na hilo linaniuma, kwa sababu jana nilikwenda soko la Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo, ninaponunua miaka yote, nikamuuliza dada muuzaji mkungu ule umetoka wapi.

"Tukuyu, mama. Unao udongo bado, nikufutie?"

Nikamwambia auache. "Ndaga fijo," nikasema, asante sana kwa Kinyakyusa, na yeye akacheka kwa furaha, akaniongezea vidole vitatu.

Mwanangu ameandika tarehe kwa chaki kwenye ndoo. Kila asubuhi kabla ya shule anakwenda kuchungulia. Leo ni siku ya sita, bado linaelea.