Ufunguo Mmoja, Mabosi Watano: The Apartment Bado Ina Makali?

C. C. Baxter, karani wa kampuni kubwa ya bima jijini New York, anapeleka nyumbani dola 94.70 kwa wiki. Pango lake, nusu mtaa tu kutoka Central Park, ni dola 85 kwa mwezi. Ilikuwa 80 mpaka mama mwenye nyumba alipofunga kiyoyozi cha mtumba. Haya yote anayataja mwenyewe katika dakika za mwanzo za The Apartment, filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1960. Pango linakula kama sehemu moja ya tano ya mshahara. Karani wa Manhattan wa leo akisikia hivyo atadhani ndicho kichekesho cha kwanza.

Nimeirudia tena wiki hii, na kila nikiirudia naona kwamba Wilder na mwandishi mwenzake, I. A. L. Diamond, waliandika mapenzi kwa kalamu ya mhasibu. Watu wengi huikumbuka kama hadithi ya Jack Lemmon (ndiye Baxter) na Shirley MacLaine kupendana. Mimi naikumbuka kama filamu ya kupandishwa cheo. Baxter anawaazima mabosi wanne nyumba yake iwe gesti ya bure ya kupeleka michepuko, nao wanamwandikia sifa nzuri kazini. Biashara ndiyo hiyo. Mapenzi yanaingia baadaye, na yanaingia kwa gharama.

Tazama onyesho la mafua. Baxter amelala nje usiku kucha kwa sababu nyumba ilikuwa na mtu, asubuhi kichwa kinamgonga, anachotaka ni kulala kitandani mwake usiku mmoja tu. Lakini bosi wa usiku huo hawezi kuhamishwa mpaka wa siku inayofuata ahame, na huyo naye hasogei mpaka mwingine asogee. Anachofanya ni kupiga simu tu, kalenda mezani, tishu mkononi. Hakuna anayeanguka wala kurushiwa keki, na bado unacheka, kwa sababu kila simu inaongeza deni jingine.

Kisha anakuja Sheldrake, mkurugenzi wa utumishi (Fred MacMurray), wa tano kuutaka ufunguo. Anaulipia kwa tiketi mbili za The Music Man, tamthilia ya muziki ya jukwaani. Baxter anazitumia kumwalika Fran Kubelik (MacLaine), mhudumu wa lifti ambaye Baxter anampenda kimyakimya. Anamsubiri nje ya ukumbi na Fran hatokei, kwa kuwa mwanamke ambaye Sheldrake anataka kumpeleka katika nyumba ile ni huyohuyo Fran. Tiketi, ufunguo na msichana vyote vimepita katika mkono uleule, na mtazamaji anajua kabla ya Baxter.

Namna Baxter anavyokuja kugundua ndiyo sehemu ningewapa wanaojifunza kuandika miswada. Mapema anaokota kikasha cha poda nyumbani kwake, kioo chake kimepasuka, anamrudishia Sheldrake. Siku ya sherehe ya Krismasi ofisini anajaribu kofia yake mpya ya kibosi, na Fran anampa kikasha ajitazame. Ufa uleule. Hakuna anayeeleza lolote. Fran anasema tu kwamba anakipenda hivyo, kinamwonyesha jinsi anavyojisikia. Na yeye dakika chache nyuma ameambiwa na katibu wa Sheldrake orodha ya wanawake waliomtangulia. Watu wawili wanavunjika moyo mbele ya kioo kimoja, kila mmoja kwa sababu yake.

Usiku huohuo Sheldrake, ambaye hakupata muda wa kununua zawadi, anampa Fran noti ya dola 100. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: ni zaidi ya mshahara wa wiki nzima wa Baxter. Fran anabaki peke yake na kumeza dawa za usingizi alizozikuta bafuni. Wengi husema hapa filamu inaacha kuchekesha. Sikubaliani. Baxter anarudi amelewa, ameshikana na mwanamke waliyekutana baa, na kwa dakika kadhaa kichekesho na hatari vinaishi chumba kimoja. Daktari jirani, ambaye kwa kelele alizokuwa akizisikia ukutani anaamini Baxter ndiye malaya wa jengo, anaitwa kuokoa. Utani wa mwanzo umegeuka msaada. (Makofi na kahawa nyeusi vya daktari yule tuviachie mwaka 1960. Siku hizi mgonjwa wa namna hiyo anakimbizwa hospitali.)

Yapo yaliyochakaa. Baxter anajigamba kwa Fran kwamba anajua urefu wake, uzito wake na magonjwa aliyougua, kwa sababu alilichungulia faili lake la bima. Filamu inalichukulia kama aibu tamu ya mpenzi; leo angeitwa kujieleza, na ingekuwa haki. Mzaha wa mwanamke anayefanana na Marilyn Monroe umechina. Sheldrake anafukuzwa na mkewe lakini kiti chake kazini hakitikisiki, ila hapo sina hakika kama ni udhaifu au ukweli mtupu. Kwa upande mwingine, Fran akimwonya bosi ndani ya lifti achunge mikono yake, sauti haijazeeka hata kidogo.

Ilipata Oscar 5 kati ya uteuzi 10, ikiwemo ya filamu bora na ya usanifu wa mandhari. Ile ya mandhari ilistahili. Ofisi ya Baxter, yenye safu za meza zisizo na mwisho, ilijengwa studio kwa hila ya macho: mbele meza za kawaida, nyuma yake meza ndogo zaidi zikikaliwa na watu wafupi na watoto waliovalishwa suti, mwisho kabisa vimeza vya kuchezea na sanamu za karatasi. Alexandre Trauner ndiye aliyeibuni. Kwa hiyo chagua nakala kwa uangalifu. Picha ilipigwa kwa upana wa 2.35 kwa 1, hivyo kwenye runinga ya kawaida lazima uone mistari myeusi juu na chini. Ikijaza kioo chote, ujue imekatwa pembeni, na safu zile za meza zitakuwa fupi kiasi kwamba hutaelewa kwa nini mtu anayekaa meza namba 861 yuko tayari kutoa ufunguo wa nyumba yake ili aondoke pale.